Usaili Mbele ya Tangi

Swali la kwanza nililowahi kuulizwa kwenye usaili wa uhandisi wa mafuta na gesi halikuhusu mafuta wala gesi. Niliulizwa nitaolewa lini. Wiki nzima nilikuwa nimejifungia chumbani kwa dada yangu kule Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, nikirudia hesabu za mgandamizo na unene wa mabomba, mpaka wanawe wakaanza kuniigiza ninavyotembea huku na huku nikiongea peke yangu. Kichwa kimejaa, viatu nimevipiga dawa, naingia, naulizwa habari za mume. Nilijibu kwa tabasamu kwamba bado. Nikilikumbuka lile tabasamu natamani kujizaba kibao.

Kazi hiyo sikuipata, wala iliyofuata, wala zilizokuja baada ya hapo. Sitazisimulia zote maana nitapandisha presha bure. Nataka kusimulia moja tu, ile ya Kizota, kwa sababu nyingine zote zilinikera na kupita, lakini hii imegoma kupita.

Watu hufunga safari kutoka mikoani kuja Dodoma kusailiwa. Sisi wa hapa tunawajua kwa kuwatazama: suti iliyolala kwenye begi, bahasha ya kaki kwapani, wanauliza njia ya kwenda ukumbini. Mimi nauli haikuwa shida yangu. Nimezaliwa Kibaigwa na nimesoma chuo hapa hapa. Shida yangu ilikuwa kwamba nilisomea petroli kwenye uwanda usio na tone la petroli, ukiacha ile inayopita barabarani juu ya malori. Nilipochaguliwa kozi hiyo kila mtu alikuwa anaimba wimbo wa gesi. Tulipomaliza, wimbo ulikuwa umebadilishwa na hakuna aliyetuambia.

Baba yangu ni dalali wa mahindi pale sokoni Kibaigwa, na dalali hanyamazi. Alishawatangazia wapakia magunia, madereva na mama lishe kwamba binti yake ni injinia wa gesi. Nikienda kumsalimia, akina mama wananiletea mitungi yao ya kupikia inayovuja. Nawafungia vizuri, wananishukuru, na mmoja aliwahi kuniuliza kama hiyo ndiyo kazi niliyosomea miaka yote ile. Nikamwambia karibu hivyo, mama.

Tena kwa utaratibu wetu, ukimaliza shahada bado hujawa mhandisi kamili. Ni lazima ufanye kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, akufundishe, akushuhudie, ndipo na wewe usajiliwe. Sasa nenda kasome matangazo ya kazi: wanamtaka aliyekwisha kusajiliwa. Wa kukufundisha hakuajiri kwa sababu hujafundishwa. Ukikaa nje ya kazi muda mrefu, hata ulichosoma kinaanza kukutoka. Mimi nilikuwa nimeanza kuchanganya kanuni ambazo zamani ningekuandikia nikiwa nimefumba macho, na hilo lilinitisha kuliko ukata.

Ndiyo maana tangazo la Kizota lilinitoa jasho. Kampuni ya ukandarasi, sitaitaja, inayotengeneza na kukarabati matangi ya mafuta, ilikuwa inatafuta wahandisi wahitimu wanne wa kufanya kazi chini ya mhandisi wao mkuu. Huyo mhandisi mkuu alikuwa mzee aliyesajiliwa zamani, anayeheshimika mji mzima. Ukikaa kwake ukamaliza muda wako, na wewe umekuwa mhandisi. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka duniani. Mshahara ningepewa hata wa mahindi ningepokea.

Tuliitwa wengi, tukachujwa, tukabaki watano. Mmoja wao nilikuwa namfahamu vizuri, kijana wa Singida tuliyesoma darasa moja, mpole, mwenye kucheka hata pasipochekesha. Siku ya mwisho asubuhi tulifanya mtihani wa kuandika. Ulikuwa mtihani mzuri, nikiri hilo, na mtu aliyeutunga anaijua kazi. Swali moja lilisema: msimamizi wako anakuamuru uingie kwenye tangi ambalo halijapimwa gesi, utafanya nini? Sote watano tuliandika kitu kimoja, kwamba tunasimamisha kazi, mpaka tangi lipimwe, kibali kiandikwe, na mtu awekwe mlangoni wa kumwangalia aliyeko ndani. Tulipotoka tulilinganisha majibu, tukapeana mikono. Dada mmoja wa rasilimali watu, mwanamke mchangamfu aliyetuita sote "wadogo zangu", alipita akatuambia kwa sauti ya chini kwamba swali la usalama sote tumepata alama zote.

Baada ya chakula tulipelekwa uani kwa kile yule dada alichokiita usaili wa vitendo. Jua la Dodoma mnalijua, na upepo ulikuwa unatumwagia vumbi machoni. Tangi lilikuwa limelazwa juu ya magogo, tangi la lori, refu, kifuniko cha juu kimefunguliwa, ngazi imeegeshwa ubavuni. Harufu ya petroli ilitupokea kabla hatujalifikia. Mzee alikuwa amesimama hapo, kofia ngumu kichwani, mikono nyuma. Tukamwamkia mmoja mmoja, akaitikia marahaba kwa kila mmoja, taratibu, kama babu wa watu.

Akasema tuingie mmoja baada ya mwingine, tuangalie mishono ya welding kwa ndani, tukitoka tumwambie tumeona nini.

Nikaangalia huku na huku. Hapakuwa na kipima gesi. Hapakuwa na feni ya kusukuma hewa, wala kamba, wala mtu wa kukaa mlangoni. Kulikuwa na ngazi na tundu tu. Nikamtazama yule dada, kashika karatasi zake na kalamu, na hapo ndipo nilipoelewa, au nilipodhani nimeelewa. Nikajisemea: huu ndio mtihani wenyewe. Asubuhi wametuuliza kwa karatasi, mchana wanatuuliza kwa tangi. Wanataka kuona nani aliandika tu na nani anamaanisha. Nilifurahi. Nilimwona yule mzee kuwa mwalimu mjanja kuliko wote walionifundisha.

Kijana wa Singida akasema, "Sawa mzee." Akavua koti la suti, akamkabidhi mwenzake simu, akaanza kupanda.

Lazima niseme kitu hapa ili mnielewe. Nilipokuwa mdogo, kijijini kwa mama yangu, ndugu wawili walikufa kisimani. Pampu ya dizeli ilikuwa imeshushwa chini ya kisima, ikazimika, mkubwa akashuka kuiwasha na hakujibu alipoitwa. Wazee waliokuwa juu wakamwambia mdogo wake amfuate. Akasema ndiyo, akafuata. Hewa mbaya hukaa chini, haina haja ya kunukia, na haimsubiri mtu amalize heshima zake. Mama yangu alipika msibani siku zile, na alichorudia kusema mpaka tunarudi ni kwamba yule mdogo hakutaka kushuka.

Basi nikasogea mbele, nikainama kidogo inavyotakiwa, nikasema samahani mzee, hili tangi limepimwa?

"Limekaa wazi tangu jana," akasema.

"Kukaa wazi si kupimwa, mzee."

Nililisema nikitabasamu, tena nikisubiri apige makofi. Hakupiga. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia mimi mwenyeji, Mgogo wa Kibaigwa. Akawageukia wengine, akasema mbona Wagogo anaowajua yeye ni watu wapole, huyu kaokotwa wapi? Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu utani ni utani. Kisha akaniambia kama naogopa nikakae kivulini. Nikaenda kukaa kivulini nikiwa na raha ya aliyeshinda. Niliamini mzee anaigiza ili asiwashtue wengine.

Waliingia wote wanne. Wa mwisho, akiwa kwenye ngazi, alinitupia jicho la kuniuliza, nikamtikisia kichwa kumkataza, lakini mzee akamwambia haya mwanangu, jua linatuchoma, naye akaingia. Kijana wa Singida alitoka macho mekundu, akaeleza vizuri alichokiona, mshono wa tatu una vitundu, kisha akaenda nyuma ya lori akatapika. Tulipokuwa tunarudi mjini nilimfariji. Nilimwambia asikate tamaa, nafasi nyingine zitakuja. Mjinga mimi, nilikuwa namfariji mtu aliyekwisha kupata kazi.

Yule dada alinipigia baada ya muda. Alianza kwa kunisifu, na kwa uzoefu wangu wa usaili, ukiona unasifiwa mwanzoni ujue limekwisha. Alisema kwenye kuandika niliwapita wote. Ila mzee anaona sitaweza kufanya kazi chini ya mtu. Nikamuuliza: si nilifaulu lile jaribio la tangi?

"Jaribio gani, mdogo wangu?" akasema. "Lile lilikuwa tangi tu. Mwenye lori alikuwa analisubiri, na mafundi siku ile walikuwa kwenye kazi nyingine."

Akakata simu. Hasira ya kukosa kazi ninaijua, nimekula nayo sahani moja. Hii haikuwa hiyo. Walikuwa na tangi la kukaguliwa na hawana mtu wa kulikagua, wakatazama, wakaona kuna watoto watano wa watu wamevaa suti, wana njaa ya kazi, hawatakataa. Na swali la asubuhi, lile zuri, walilitoa wapi? Bila shaka walilinakili kwa kampuni za mafuta zinazowapa zabuni, maana hao wanapenda kuliona kwenye makabrasha. Nilikuwa nimemvika yule mzee ujanja ambao hakuwa nao. Nilimheshimu mno, kuliko wale walioingia.

Nyumbani sikupata wa kusimama upande wangu. Dada yangu alisema ningeingia dakika mbili nikatoka, nani angenila? Baba, ambaye kazi yake ni kumsifia mnunuzi mahindi mabovu mchana kutwa, alinikalisha chini akaniambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Mama peke yake hakusema kitu. Alinitengea chakula, akakaa karibu yangu mpaka nikamaliza. Nilikuwa na hasira na wote, hata na yeye, kwa kuwa hakuwajibu.

Maana tangu darasa la kwanza tunafundishwa hivyo. Mkubwa akisema, itikia. Mwalimu akikosea ubaoni, nakili kosa. Mchungaji, mjomba, mwenyekiti wa mtaa, wote ni ndiyo mzee, sawa mzee. Kisha mtu anakuja na kitabu cha kigeni anakuandikia kwenye mtihani kwamba wewe, kijana wa jana, unayo mamlaka ya kumsimamisha msimamizi wako. Tunajibu vizuri kabisa. Tunapata zote. Tukitoka nje tunakutana na mzee, tunaamkia, tunapanda ngazi. Nilitaka kumlaumu kijana wa Singida nikashindwa. Alikuwa amelelewa vizuri, ndilo kosa lake.

Tuliendelea kuwasiliana naye. Alinisimulia kwa kucheka kwamba wanaingia matangini kila siku ya Mungu, kwamba kipima gesi kipo, kiko kabatini ofisini, hata nailoni yake haijavuliwa. Nilimuuliza kama kichwa kinamuuma. Akasema jioni tu. Nikamuuliza kwa nini asikatae, akacheka tena, akaniambia, "Dada, nikatae niwe wewe?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini nililikumbuka neno lile kila nilipofua nguo za watoto wa dada.

Halafu yule dada wa rasilimali watu akanipigia tena. Wale wenye mafuta waliowapa zabuni walikuwa wanatuma wakaguzi wa usalama, na kila mfanyakazi alitakiwa awe amefundishwa. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuendesha semina ya siku moja. Wamenikumbuka mimi, alisema, kwa sababu majibu yangu yalikuwa mazuri sana.

Nilimwambia ana roho ngumu, nikakata. Nikazunguka chumba. Nikampigia, nikakubali. Nilijiambia ninakwenda kwa ajili ya yule kijana, na ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba bado nilikuwa na tamaa. Nilidhani mzee akinisikia nikifundisha ataona amepoteza nini. Mtu mwenye hasira bado anaweza kutaka kupendwa na aliyemkasirisha, na hilo linaongeza hasira.

Semina ilifanyika kwenye chumba kidogo chenye feni moja, pale pale Kizota. Vijana wanne walikuja na ovaroli zao mpya, mafundi wakakaa nyuma yao, na mzee akakaa mwisho kabisa, mikono kifuani. Kipima gesi kilikuwa mezani kwangu, nailoni imevuliwa kwa ajili ya wakaguzi. Niliwaonyesha kinavyowashwa, kinavyoshushwa kwa kamba juu, katikati na chini, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito na hujikusanya chini. Niliwasimulia kisima cha kijijini kwa mama. Fundi mmoja mtu mzima akavua kofia. Mwisho nikauliza: mkubwa wako akikuambia uingie kwenye tangi ambalo halijapimwa, unafanya nini?

"Tunasimamisha kazi," wakajibu kwa pamoja, kama darasa.

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasema, "Safi sana, mwanangu." Nilihisi mwili unapata joto, nisiseme uongo. Wakati wa chai yule dada alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba mzee amenisifia, kwamba kijana mmoja wa wale wanne anaondoka kwenda kusoma, na kwamba nikienda taratibu nafasi ile ni yangu. Alisisitiza hilo neno, taratibu. Nikamshukuru. Nilikunywa chai ile nikiwa mhandisi tayari.

Tulitoka kwenda uani pamoja. Lori lilikuwa limeingia, dereva wake kasimama anapiga funguo kwenye paja, anataka kuwahi Singida kabla ya giza. Tangi lilikuwa limefunguliwa muda huo huo, mvuke ulikuwa unaonekana ukicheza mdomoni mwake juani. Mzee akalitazama, akamtazama dereva, kisha akamwita kijana wangu wa Singida. Hakuwa anamjaribu mtu. Alikuwa ameshasahau semina, nusu saa tu, kikombe cha chai bado kiko mkononi.

"Hebu ingia upesi uniangalie ule mshono, mwenzetu anataka kuondoka."

"Sawa mzee," kijana akasema.

Akapanda. Wale watatu walitazama chini. Mafundi walitazama chini, hata yule aliyevua kofia. Kipima gesi kilikuwa kimebaki mezani pembeni ya vitumbua. Kijana alikuwa ameshaingiza mguu mmoja na anaingiza wa pili nilipofika juu ya ngazi nyuma yake na kumshika mkanda. Alishtuka, akajaribu kucheka. Nilimvuta mpaka akakaa kwenye ukingo wa lile tundu, na nikamwambia hatoki hapo kwenda popote ila chini kwa ngazi.

Mzee hakupandisha sauti. Alisema, "Binti, mwachie mwenzako afanye kazi." Nilimwona yule dada kule chini akinitazama, akinitikisia kichwa polepole, akiniomba. Nilijua ananiomba nini, na alikuwa ananitakia mema. Dereva aliacha kupiga funguo.

"Unaona sasa?" mzee akasema. "Ndiyo maana hatukukuchukua."

Nikamwambia, "Najua, mzee," na mkanda sikuuachia.